Kamusi Bila Sauti: Kizigua na Kisambaa Vinapotafuta Darasa

Hebu tuvitazame vitabu vyenyewe. Mwaka 1906 mmisionari W. H. Kisbey alitoa kamusi ya Kizigua kwa Kiingereza. Kazi kubwa, sikatai. Lakini aliandikiwa nani? Mgeni aliyetaka kuzungumza na Wazigua, siyo mtoto wa Handeni. Msamiati wa Kisambaa wa Ruth Besha wa mwaka 1993 nao ni hazina, ila ulichapishwa Tokyo kwa ajili ya wanaisimu. Mwalimu wa Korogwe ataupatia wapi?

Tatizo si uhaba wa nakala tu. Kizigua na Kisambaa ni lugha za toni: sauti ikipanda au kushuka, ujumbe nao unaweza kubadilika. Maandishi ya kawaida hayaonyeshi hilo. Mtoto aliyekulia kwenye Kiswahili, kisicho na toni, atasoma ukurasa mzima wa Kisambaa kwa mahadhi ya Kiswahili. Herufi zote sahihi, lugha siyo. Bibi yake akimsikia atacheka tu.

Wenzetu wa kisiwa cha Jawa, Indonesia, Kijava ni somo shuleni. Ugumu wao ni ngazi za heshima: ngoko kwa rafiki, krama kwa mkubwa. Orodha ya maneno haifundishi hilo. Mtoto lazima aone nani anaongea na nani. Ndiyo maana igizo na vikaragosi vinawafaa. Kifaa hufuata ugumu wa lugha.

Sasa rudi kwetu. Sera ya Utamaduni ya 1997 inahimiza kamusi na vitabu vya sarufi za lugha za jamii. Vizuri, lakini ugumu wetu uko sikioni. Tunachohitaji kwanza ni ngano na vitendawili vilivyorekodiwa kwa simu, kutoka vinywani mwa wazee, kisha kijitabu cha kufuatia. Na kwa kuwa ratiba ya shule haina kipindi cha Kizigua, basi klabu ya jioni inatosha kuanzia. Haihitaji maabara, wala kusubiri mfadhili.

Wazee hao hawatusubiri, jamani. Kwa hiyo kitabu kijacho cha Kizigua tusikipime kwa unene. Tuulize: mtoto wa Mkata akikifungua, atamsikia nani?