Sifa za Mkalimani

Katika michezo ya kuigiza wahusika inayochezwa mtandaoni, wengi hukimbilia upanga. Kila mmoja anataka awe Salahuddin, au Richard mfalme wa Uingereza. Mimi namsifu yule anayekubali kuwa mkalimani.

Ninaye mmoja, mpwa wangu, huko Mghange katika milima ya Taita. Huchezea kwa kinyozi, simu ikiwa kwenye chaji. Yeye na wenzake wa Mombasa, Lamu na Goma wanaigiza Vita vya Tatu vya Msalaba kwa maandishi matupu, bila picha wala mlio wa farasi. Kila mchezaji huandika analosema na analotenda mtu wake, kisha mwendeshaji hutupa dadu na kutoa uamuzi. Mchezo wa namna hii una asili yake: mwaka 1978 Roy Trubshaw, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex, alianza kuandika MUD, programu iliyowakutanisha watu katika ulimwengu mmoja wa maneno.

Kanuni ya vijana hawa ni kali. Wafranki, yaani Wakristo wa Vita vya Msalaba, huandika Kifaransa, watu wa Salahuddin Kiswahili, na neno lisilotafsiriwa huhesabiwa halikusikika. Kijana wa Goma anazijua lugha zote mbili, lakini huisubiri tafsiri kama asiyejua. Naiheshimu sana subira hiyo.

Mpwa wangu alichagua kuwa Humphrey wa Toron, mtu aliyeishi kweli. Alikuwa Mfranki wa huko huko Shamu, akijua Kiarabu. Mwaka 1187 alitekwa na jeshi la Salahuddin vitani Hattin. Mwaka 1191 ndiye aliyekuwa mkalimani kati ya Richard na al-Adil, nduguye Salahuddin.

Jioni moja Richard wa Goma alishusha ujumbe mrefu: autaka Yerusalemu, la sivyo atachoma mashamba yote, na juu yake matusi ya kumwita al-Adil mbwa. Mpwa wangu aliandika, akafuta, akaandika tena. Mwishowe alituma hivi: "Mfalme anaudai mji mtukufu. Akinyimwa, mashamba yatateketea, na sikumwona akitania." Tusi limeachwa njiani, tishio limefika zima. Al-Adil wa Lamu akajibu kwa utulivu: "Mwambie tumemsikia. Mji huo kwetu pia ni mtukufu." Mwendeshaji hakugusa dadu.

Ustadi huo hakuupata kwenye simu. Tangu mdogo alikuwa akimsindikiza nyanya yake zahanati, nyanya akisema Kidawida, muuguzi mgeni akisema Kiswahili. Nyanya akichoka kungoja foleni alikuwa na maneno makali. Mtoto hakuyapeleka yote, ila maumivu ya mgongo aliyaeleza bila kupunguza hata chembe. Nani angemfundisha kazi hiyo kwa kitabu? Kupima lipi lipite na lipi libaki, watu wawili wakikutazama mdomoni, ni elimu ya miaka.

Na kumsemea adui kwa lugha yetu si jambo geni pwani. Mwaka 1728 huko Pate, Mwengo wa Athumani alitunga Utendi wa Tambuka juu ya vita vya Waislamu na Warumi. Herekali, kaisari wa Warumi, hakufanywa bubu humo. Anaishikilia dini yake kwa Kiswahili fasaha, na msikilizaji Mwislamu anamsikia hadi mwisho.

Sasa vijana katika mchezo wao wamefika Septemba 1192, wakati wa mapatano ya Jaffa. Katika historia Wafranki walibaki na miji ya pwani, Salahuddin akabaki na Yerusalemu, na mahujaji Wakristo wakaruhusiwa kuuzuru mji huo. Mpwa wangu anang'ang'ania kifungu cha mahujaji kiandikwe kwa lugha zote mbili, sentensi kwa sentensi, na kila upande usome cha mwenzake kabla ya kukubali. Mwendeshaji analalamika kwamba mchezo umekuwa wa polepole. Wachezaji wengine wamemwambia asubiri.