Lugha na Uenyeji katika Mashetani: Usomaji kutoka Handeni na Korogwe

Mashetani (1971) ya Ebrahim Hussein kwa kawaida husomwa kama istiari ya ukoloni mamboleo, nyuma yake kikiwamo kivuli cha Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Usomaji huo una mashiko, lakini unaacha swali: kwa nini Juma na Kitaru, marafiki wasomi wenye Kiswahili kimoja, wanashindwa kuwa wenyeji wa nchi moja? Makala haya yanadai kwamba distopia ya tamthilia hii haimo katika zama za kubuni zijazo. Imo katika kesho iliyoahidiwa na uhuru, ambayo imekwisha kufika.

Katika mchezo ndani ya mchezo, Juma ni Shetani na Kitaru ni Binadamu. Binadamu anamuua Shetani, lakini mauaji hayo hayampi Kitaru utulivu. Yanamwachia maradhi ya nafsi. Familia ya Juma imepoteza mali na hadhi, naye bibi yake angali anaishi katika fahari ya jana. Familia ya Kitaru inapanda. Wakaliaji wa viti wamebadilika, mpangilio wa viti haukuguswa. Lugha ya pamoja inawawezesha vijana hawa kuigiza uadui wao, si kuumaliza.

Handeni na Korogwe hazimo katika tamthilia. Nazitumia kuipima dhana kwamba lugha hutosha kuwa uenyeji. Wazigua ambao wahenga wao walifika bonde la Juba katika karne ya 19, wengi wao utumwani, walikimbilia Handeni baada ya Somalia kusambaratika mwaka 1991. Kizigua walichokihifadhi kilishuhudia asili yao. Hata hivyo, waliingia nchi ya mababu wakiwa wakimbizi, na wengi wa walioishi Chogo walisubiri hati ya dola ndipo wawe raia. Katika mashamba ya mkonge ya Korogwe, Kiswahili kiliwaunganisha vibarua waliotoka mbali. Kiswahili hichohicho kikawaita manamba, watu wa namba.

Sisi tunaofundisha Kiswahili hupenda kusema kwamba lugha ndiyo iliyojenga taifa. Mashetani inatulazimisha kuuliza ni nani aliyepewa chumba katika jengo hilo. Hata hivyo, Hussein mwenyewe hakulijibu swali hilo kikamilifu: amezipa nafsi za wasomi nafasi pana kuliko za vibarua. Manamba bado hajapanda jukwaani.