Doa Jeupe kwenye Ramani ya Drohobych

Ndugu msomaji, pale kijiweni tunapokutana waandishi chipukizi hakosekani jamaa wa kusema eti mji mdogo hauzai riwaya. Hamia jiji kubwa kwanza, atakuambia, uone dunia, ndipo ushike kalamu. Wapi bwana! Mimi humjibu kwa neno moja tu: Drohobych.

Drohobych ni mji mdogo magharibi mwa Ukraine, karibu na milima ya Karpati. Kwa karne nyingi watu wake wamechemsha maji ya chumvi wakapata chumvi ya kuuza. Karne ya 19 yakaja mafuta ya petroli, visima vikachimbwa Boryslav, jirani tu na hapo. Na watawala walipokezana: Austria hadi 1918, halafu Polandi, Wasovieti mwaka 1939, Wajerumani 1941, Wasovieti tena, na tangu 1991 Ukraine huru. Mitaani walipishana Waukraine, Wapolandi na Wayahudi, kila mmoja na lugha yake na nyumba yake ya ibada.

Mji huohuo umetoa waandishi wawili wakubwa, tena waliosoma sekondari moja. Ivan Franko alizaliwa 1856 kijiji cha jirani, mtoto wa mhunzi. Akiwa mwanafunzi alipanga kwenye karakana ya seremala, na inasimuliwa kuwa mara nyingine alilala ndani ya majeneza yaliyokuwa yanatengenezwa humo. Bruno Schulz alizaliwa 1892 mjini penyewe, mtoto wa muuza vitambaa. Alirudi shuleni hapo kufundisha uchoraji.

Sasa tuwahakiki. Riwaya ya Franko, "Boryslav Yacheka", ilianza kutoka kwa sehemu jaridani mwaka 1881. Humo wachimba mafuta wanachangishana fedha na kugoma. Dhamira iko wazi kama mchana, na mnyonge amepewa sauti. Lakini mimi nina ugomvi naye. Matajiri wake wakuu ni Wayahudi, ilhali Wayahudi wengi wa kule walikuwa makabwela, na wengine walishuka mashimoni kama wenzao. Hao kawaona wapi? Amewapita.

Schulz naye ni kinyume chake. Hadithi zake alianza kuziandika ndani ya barua kwa rafiki yake, Debora Vogel, mpaka zikawa kitabu, "Maduka ya Mdalasini", kilichotoka mwishoni mwa 1933. Humo duka la baba linageuka ulimwengu mzima. Baba anafuga ndege wa ajabu darini, na Adela, mtumishi wa nyumbani, anawafukuza kwa ufagio, mzee anabaki mnyonge. Fani ya jamaa huyu inalevya, sifichi.

Lakini soma hadithi ya "Mtaa wa Mamba". Ni mtaa wa biashara mpya, bidhaa rahisi na watu rahisi. Kwenye ramani ya baba sehemu hiyo imeachwa karibu nyeupe tupu, kana kwamba haijulikani. Schulz anaucheka mtaa ule. Mimi nauliza: wale waliochimba mafuta yaliyoleta fedha mjini wako wapi? Hawamo. Franko aliacha doa jeupe lake, na Schulz lake.

Utasema, ndugu, mwandishi hawezi kumtaja kila mtu. Kweli. Ila tazama yaliyofuata. Tarehe 19 Novemba 1942 Schulz alipigwa risasi barabarani na mtu wa Gestapo, mjini kwake mwenyewe. Muswada wake wa riwaya, "Masihi", haujapatikana hadi leo. Wayahudi wa Drohobych, waliokuwa zaidi ya theluthi moja ya wakazi, waliuawa karibu wote. Mji upo, chumvi ipo, watu wale hawapo. Aliyeachwa nje ya kitabu hawezi tena kuja kusema, "Na mimi nilikuwepo."

Hapo ndipo uhakiki huu uliponigeukia. Nina muswada wa riwaya kuhusu mtaa wetu, kurasa mia na kitu, nilioanza nilipomaliza kidato cha nne. Baba yumo, wajomba wamo, washikaji wote wamo. Dada wa kazi aliyenilea miaka sita anatokea mara moja tu: aliingia, akaweka chai, akatoka. Hata jina sikumpa. Schulz, ambaye nimethubutu kumkosoa hapa, alimpa wake ufagio na enzi ya nyumba nzima.

Kwa hiyo wenzangu, msikimbilie mjini kutafuta visa. Chukueni miswada yenu, muulize nani ameachwa kwenye doa jeupe. Sura ya tatu ya kwangu naiandika upya, naanza na jina lake. Mwenye hoja kinyume na aandike, toleo lijalo tubishane.