Mkono wa Masjala

Tarishi anapoutua mfuko wa barua mezani, mtunza kumbukumbu wa ofisi hii ya uhamiaji ya mkoa hana pupa ya kufungua. Kwanza anatenga. Bahasha zilizoandikwa SIRI anaziweka kando zikiwa zimefungwa vilevile, kwa kuwa zina masjala yake na mtu wake wa kuzifungua. Za rejista anazihakiki moja moja kabla ya kutia saini. Zilizobaki anazipanga zitazame upande mmoja, ndipo anaposhika kisu.

Anachana ukingo wa juu, anatoa karatasi, kisha anaiinua bahasha tupu kwenye mwanga wa dirisha. Picha ya pasipoti hunasa kwa urahisi kwenye kona ya bahasha, na ombi lisilo na picha halisogei. Barua ikitaja viambatisho vitano, anavihesabu. Akikuta vinne, anaandika hivyo pembeni mwa barua na kutia saini palepale, kwa sababu kesho hakuna atakayeweza kusema kama cha tano kilipotelea njiani au ofisini.

Kisha mhuri. Anazungusha tarehe, anaujaribu kwenye karatasi chakavu, anaugonga mahali peupe pasipo na maandishi wala saini. Baada ya hapo barua inaingia kwenye daftari: imeandikwa lini, imepokelewa lini, imetoka kwa nani, inahusu nini, inakwenda jalada gani. Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga walisema, na katika chumba hiki mali ni habari za watu.

Kulipata jalada ndiyo kazi inayotaka utulivu. Mtu mmoja ameandikwa Mohamed kwenye cheti cha kuzaliwa, Mohammed kwenye kiapo, Muhammad kwenye barua. Mtunza kumbukumbu anapekua faharasa, analinganisha tarehe ya kuzaliwa, jina la baba, mahali alikozaliwa. Hafungui jalada jipya mpaka ajiridhishe kuwa la zamani halipo, maana mtu mwenye majalada mawili huamuliwa kwa nusu ya habari zake. Akishalipata, anatoboa barua, anaifunga kwa uzi juu ya iliyotangulia, anaandika namba ya folio kwa wino mwekundu kwenye kona ya juu kulia. Cheti halisi hakitobolewi. Kinatiwa kwenye bahasha, na bahasha ndiyo inayopewa folio. Jalada likienda kwa afisa, nafasi yake kwenye rafu inashikwa na kadi inayosema limekwenda kwa nani na siku gani.

Vipo na viporo: barua ambazo majalada yake hayakuonekana, zimefungwa mafungu kwa mwezi na mwaka. Kila alasiri, barua za siku zikishaisha, anashusha fungu la zamani kuliko yote na kuanza na ya chini. Hachagui nyepesi. Lundo likichotwa juu tu, barua ya chini haifikiwi kamwe, na aliyeiandika ndiye aliyesubiri kuliko wote.

Uzito wa kazi hii una kipimo katika historia ya nchi. Mwaka 2014 Tanzania ilianza kugawa vyeti vya uraia kwa waliokuwa wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, miaka kadhaa baada ya wao kuomba. Waliokubaliwa walizidi 162,000. Idadi kama hiyo haipiti serikalini bila watu wa kulinganisha majina, kuhesabu karatasi na kuzirudisha mahali pake.

Dirishani amefika mzee mwenye nakala ya barua iliyokunjwa mara nne.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuulizia."

Anasoma tarehe ya mhuri kwenye nakala, anafungua daftari kwenye tarehe hiyo, anashuka na kidole hadi kwenye jina, kisha anaikuta kadi rafuni. Jalada liko kwa afisa tangu juma lililopita, folio zote zimo. Uamuzi ni wa afisa. Lakini mzee huyu ataamuliwa kwa karatasi zake mwenyewe, zikiwa kamili, na hilo limewezekana kwa uvumilivu wa mtu ambaye jina lake halitaonekana popote kwenye barua ya majibu.