Nani Alishika Miti ya Shiraa?

Katika lugha yetu kitenzi kimoja, kusitiri, hubeba kazi mbili: kuufunika mwili na kumwepusha mtu na aibu. Mgeni akilisikia neno stara huwaza kitambaa, ilhali sisi huwaza fadhila pia. Lakini lugha hiyo hiyo haikuiacha stara itawale bila mpinzani. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na wakaongeza kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Wasanii wa pwani wanaokusudia kuandaa maonyesho ya pamoja juu ya mavazi ya stara na mambo yaliyofichwa wamesimama hapo: lipo linalostahili kusitiriwa, na lipo ambalo kulisitiri ni kujidhuru. Kazi ya kwanza ya mpangaji, kabla ya kuhesabu kuta na misumari, ni kuyatenganisha mawili hayo.

Aghalabu kazi hiyo haifanywi. Ukipita katika maduka ya picha ya Mji Mkongwe utaona mlango wa nakshi, uchochoro, na mwanamke wa buibui asiye na sura. Au macho mawili ya wanja yanayochungulia katika weusi. Simbezi mchoraji anayetafuta riziki yake. Kasoro imo katika wazo lenyewe: picha inadai kwamba siri imo nyuma ya nguo, na mnunuzi anaalikwa kuichungulia. Tundika picha 20 za namna hiyo, za wachoraji 20, na bado utakuwa umetundika picha moja tu.

Historia ya mwambao inatuelekeza kwingine. Lamu na Mombasa, hadi mwanzoni mwa karne ya 20, mwanamke wa kiungwana alipotoka nyumbani aliweza kutembea ndani ya shiraa: nguo pana iliyoinuliwa kwa miti mfano wa hema, ikibebwa na watumwa waliofuatana naye. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni tanga la chombo. Aliyesitiriwa ni bibi. Waliobeba walikuwa nje, nyuso wazi, wakionwa na kila apitaye njiani. Sasa tujiulize: leo twamjua nani zaidi? Bibi hakuonekana, lakini nasaba yake ilihifadhiwa na jina la baba yake likatajwa kwa heshima. Mshika mti alionwa na mji mzima, na jina lake likapotea. Basi aliyefichika hasa hakuwa ndani ya nguo.

Mtumwa hakuwa na ruhusa ya kujifunika kwa namna ya waungwana. Kichwa wazi kilikuwa mojawapo ya alama za kumilikiwa. Utumwa ulipoondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika mwambao wa Kenya mwaka 1907, miongoni mwa mambo waliyoyafanya wanawake waliotoka utumwani ni kujitwalia stara waliyonyimwa. Buibui lilienea katika miongo iliyofuata, na kinyume cha shiraa, halikuhitaji mtu wa kulibeba: mwanamke alijisitiri kwa mikono yake mwenyewe. Wapo wanaoliona vazi hilo kuwa mzigo, na wana haki ya kusema hivyo. Lakini anayelichora kuwa kifungo tu, bila ya kuijua safari hii, amefuta nusu ya maana yake. Kwa baadhi ya wazee wetu wa kike lilikuwa hati ya uhuru.

Njia ya kumrudishia jina aliyeonekana asijulikane imeshaonyeshwa na Lubaina Himid, aliyezaliwa Unguja mwaka 1954, akakulia Uingereza na kupata Tuzo ya Turner mwaka 2017. Kazi yake Naming the Money, iliyoonyeshwa Newcastle mwaka 2004, ina maumbo bapa 100 ya mbao iliyopakwa rangi, ya kimo cha mtu: Waafrika waliotumikishwa katika majumba ya wakubwa wa Ulaya, wakiwamo wapiga ngoma, washona viatu, wafinyanzi na wachora ramani. Kila mmoja anasema jina lake, jina alilobandikwa, kazi aliyokuwa akiifanya na anayoifanya sasa. Mtazamaji hupita katikati yao, hawezi kuwakwepa.

Kazi hiyo ni kubwa, lakini haihamishiki kwetu jinsi ilivyo. Kule, jina lililotungwa na msanii halimgusi jirani wa mtazamaji. Huku, vizazi vya aliyekuwa ndani ya shiraa na vya aliyeshika mti huswali safu moja, hutafutiana wachumba, na katika posa hiyo huulizana ukoo kwa sauti ya chini. Hiyo ndiyo siri yetu ya kweli, na nyusi na wanja haviifikii. Msanii akitaja ukoo wa mtu hadharani atakuwa amemvunjia stara. Akinyamaza kabisa atakuwa amefuata desturi ile ile iliyoyapoteza majina.

Hapa ushairi wetu watufaa kuliko nadharia ya kuazima. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alililipa shairi lake kuu jina la Al-Inkishafi, yaani kufunuka. Fahari iliyopita ya Pate na magofu yake yamo, lakini anayeulizwa na kuonywa ni moyo wa mshairi mwenyewe. Hakumvua mwenzake nguo, alijifunua. Hilo liwe sharti la maonyesho: kila msanii alete kwanza kazi juu ya lile ambalo nyumba yake imelifunika, kabla ya kugusa uso wa mwingine.

Katikati ya ukumbi, iwe Ngome Kongwe ya Unguja au ngome ya Lamu, iwepo shiraa mpya, tupu ndani. Miti yake isikitwe chini, bali ishikwe na watazamaji kwa zamu. Mmoja akichoka, nguo ilegee na wote waione. Kando yake ziwepo kanga, maana kanga yajua kusema na kuficha kwa pamoja: jina lake husomwa na mtaa mzima, na aliyekusudiwa hujijua. Maelezo ya ukutani yataje nguo, mahali na kazi ya mikono, yasiwafumbulie watu fumbo. Jina la mhenga wa mtu litajwe pale tu wenyewe walipolileta kwa hiari. Penginepo pawe na nafasi wazi, yenye upana wa jina.

Wapo watakaosema yaliyopita si ndwele. Ni sawa, iwapo yamepita. Uso wa mwanamke ni wake, na akitaka kuufunika hatuna hoja naye. Mikono iliyoinua nguo ni deni letu sote, na deni halisitiriwi, hulipwa.