Mkono kwa Mkono

Chumba hakina dirisha. Kina kitanda, ndoo, meza ndogo na askari wanaopokezana zamu. Msafiri aliyeshukiwa uwanja wa ndege kwamba amemeza unga hukaa humo siku mbili, tatu, hata zaidi, akila na kunywa, mpaka tumbo litoe lilichobeba. Kila aendapo haja, kete huoshwa na kuhesabiwa mbele ya macho yake, kisha fomu hujazwa. Saa nne usiku, kete 12. Saa kumi alfajiri, kete 7. Anatia sahihi yeye, anatia sahihi askari, anatia sahihi shahidi huru aliyeamshwa usingizini kuja kushuhudia jambo ambalo hakuna mtu angependa kulishuhudia.

Katika miaka yangu ya uwakili wa Serikali kwenye kesi za dawa za kulevya, sijapata kushika karatasi nzito kuliko fomu hiyo. Watu wakisikia ninachofanya hudhani maisha yangu ni kukimbizana na mapapa wa unga. Wapo wanaofanya hivyo, wanahatarisha roho zao, na nawaheshimu sana. Kazi yangu mimi ni kujua zile kete 7 za alfajiri zililala wapi.

Zililala kwenye kabati gani? Ufunguo ulikuwa kwa nani? Nani alizipeleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, bahasha ilifungwa kwa lakiri ya nani, na iliporudi lakiri ilikuwa ya nani? Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika Rufaa ya Jinai Namba 110 ya mwaka 2007, ilieleza kwamba safari ya kielelezo lazima ionekane kwenye maandishi hatua kwa hatua, tangu kukamatwa hadi mwisho wake. Baadaye mahakama ikalegeza kamba kwa vitu visivyobadilika kirahisi. Unga haumo katika vitu hivyo. Unga mweupe unafanana na unga mweupe, na ndiyo maana hatuna kingine cha kuutambulisha ila mikono iliyoupokea.

Wazee wa pwani wana neno zuri kwa jambo hili: amana. Mtu akikuwekea amana, hukaa nayo ukijua siku moja utaulizwa. Nadhani wapelelezi wangefundishwa neno hilo kabla ya kufundishwa fomu yoyote.

Nasema hivi kwa sababu niliwahi kupoteza kesi kwa neno moja. Koplo mmoja, kijana makini, alikuwa kizimbani akitoa ushahidi. Akasema, "Nilimwachia mtunza vielelezo." Wakili wa utetezi akasimama taratibu. "Ulimwachia, au ulimkabidhi?" Kijana akajibu kwa uaminifu kwamba aliiweka bahasha mezani, kwa kuwa mwenzake alikuwa ametoka kwenda kuswali. Kwa muda gani? Hakumbuki. Chumba kilikuwa wazi? Kilikuwa wazi. Mshtakiwa akaachiwa huru, na jaji alikuwa sahihi kabisa. Nilikuwa nimekaa na yule koplo saa mbili nzima kumwandaa, nikamuuliza kila kitu isipokuwa hicho.

Enzi zile shahidi alisema Kiswahili na jaji akaandika Kiingereza, na tofauti kama hiyo ingeweza kuzama katikati ya lugha mbili bila mtu kuiona. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kufanywa lugha ya mahakama, naona mashahidi wetu wanasimama wima zaidi. Kupa, kuachia, kukabidhi, kupokeza: kila kitenzi kina wajibu wake, na mama lishe anaijua tofauti hiyo vizuri kama mimi niliyesomea sheria.

Namtaja mama lishe kwa sababu ninaye mmoja akilini. Aliitwa usiku kushuhudia upekuzi wa nyumba jirani na banda lake, akasaini hati ya ukamataji mali kwa herufi kubwa zilizopinda. Kesi ilipoanza kusikilizwa, miaka ilikuwa imepita. Alikuja na kanga safi, akaacha biashara ya siku nzima. Akaulizwa maswali ya dodoso karibu saa moja, akashikilia alichokiona tu: mfuko ulitoka chini ya sinki, si chini ya kitanda. "Cha kitandani sikukiona, mwanangu," alimwambia wakili aliyetaka kumsogeza kidogo. Kesi za unga husimama juu ya watu kama huyo.

Kuna suala la mizani pia. Kwa heroini, sheria imeweka mpaka kwenye gramu 200: zisipozidi, mtu anakabiliwa na miaka 30, zikizidi, ni maisha yake yote. Ukilijua hilo, huwezi kuitazama mizani kama chombo cha dukani. Bhangi nayo hukauka ikiwa ghalani, ikapungua uzito, na wakili wa utetezi ana haki ya kuuliza kilo zilizopungua zimekwenda wapi. Jibu lipo, lakini lazima liwe limeandikwa mapema.

Na huku tunaandika, kuna mtu mahabusu. Kesi hizi, kiwango kikiwa kikubwa, hazina dhamana. Kila tarehe ya kutajwa tunaposimama na kusema upelelezi haujakamilika, anarudi rumande, na wiki mbili nyingine za umri wake zimekwenda. Sijawahi kuizoea sentensi hiyo, na namwomba Mungu nisiizoee. Mkurugenzi wa Mashtaka ana mamlaka ya kuondoa shauri mahakamani. Kupendekeza hilo mapema, mnyororo wa makabidhiano ya kielelezo unapokuwa umekatika, ni sehemu ya ufundi huu sawa na kushinda.

Mwaka 2014 meli ya kivita ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata jahazi nje ya pwani ya Kenya likiwa na kilo 1,032 za heroini ndani ya magunia ya saruji. Shehena ikaharibiwa. Mara nyingi doria za bahari kuu humwaga dawa na kuliacha jahazi liende zake, maana hakuna mahakama inayowasubiri mabaharia. Nayo majahazi hayo, yatokayo pwani ya Makran, upande wa Irani na Pakistani, hungoja kusi kali ipite, kisha yakarudi. Nilipozisoma habari zile niliwaza juu ya vile vijikete 7 na fomu yake. Tani nzima haikumfikisha mtu mbele ya jaji. Kete 7 zilizoandikwa vizuri zinaweza.

Asubuhi nyingine napita Hospitali ya Muhimbili, ilipoanzishwa kliniki ya methadoni kwa waraibu wa heroini mwaka 2011. Vijana wanapanga foleni kunywa dawa yao, wengine wamevaa sare za kazi, wakitoka hapo wanawahi kibaruani. Hao hawakuwahi kuwa washtakiwa wangu. Kwa ajili yao narudi ofisini nikaanza tena na jalada.

Mara ya mwisho nilipokwenda Wazo Hill, kwenye tanuri la kiwanda cha saruji ambako vielelezo huteketezwa kesi zikiisha, tulikuwa na mzee mtunza vielelezo aliyebakiza miezi michache kustaafu. Joto lilikuwa linatusukuma nyuma. Akasoma namba ya jalada kwenye bahasha, akaigeuza, akakagua lakiri kwa kidole gumba, kona kwa kona, ingawa baada ya dakika moja ingekuwa majivu. Kisha akaitumbukiza, akanipa daftari.

"Wakili, weka sahihi hapa. Na saa."

Saa tano na dakika kumi. Nikaandika.