Mtungi Usiotekewa Maji

Wahenga walinena: mfinyanzi hulia gaeni. Darasani twaieleza methali hii kama kinaya cha fundi asiyefaidi kazi yake. Ni nadra tuulize ni nani aliyemnyima chombo kizima. Swali hilo lazuka tena tuzitazamapo kazi za Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kufanya kazi zake nyingi Uingereza.

Odundo hatumii gurudumu. Hukijenga chombo kwa mikono, hukipaka uji wa udongo mwororo, hukisugua hadi king'ae, kisha hukichoma bila kukivika gamba la kioo. Kikichomwa penye hewa hutoka chekundu. Kikirudishwa motoni na kunyimwa hewa hutoka cheusi. Lugha yetu yaujua mtungi kuwa una mdomo, shingo na tumbo. Odundo ameitimiza picha hiyo, hata chombo chake husimama kama mwanamke aliyeinua kichwa.

Husemwa kwamba ameupandisha ufinyanzi kutoka ufundi hadi sanaa. Siafiki. Katikati ya miaka ya 1970 alikwenda Nigeria, katika Abuja ya zamani iitwayo leo Suleja, akajifunza kwenye kituo kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew. Huko alikuwako Ladi Kwali, aliyefunzwa na shangazi yake kufinyanga mitungi ya maji. Ladi Kwali alipojiunga na kituo mwaka 1954, mitungi yake ilianza kuvikwa gamba la kioo na kuchomwa kwa moto mkali zaidi. Hapo pana jambo la kutafakari. Mtungi mtupu hutoa jasho, na jasho hilo likikauka ndilo lipozalo maji. Uliovikwa kioo hautoi jasho. Ukapata kabati la makumbusho, ukapoteza kazi yake.

Basi mpaka huo haumo katika udongo. Sisi walimu wa Kiswahili twapaswa kulifahamu hili mapema, kwani neno sanaa lenyewe, tulilolipokea kutoka Kiarabu, asili yake ni kazi ya ustadi wa mikono.

Hata hivyo sifa isipite kipimo. Vyombo vya Odundo havina kioo, vingeweza kutoa jasho, ila hakuna avitekeaye maji. Wengine wataliona tumbo hilo tupu kuwa ni uhuru wa fani. Mimi laniachia kiu.

Odundo alitunukiwa cheo cha Dame mwaka 2020, na picha ya Ladi Kwali imo nyuma ya noti ya naira 20. Hapa kwetu Burundi, Watwa waliofinyanga vyungu vya majiko yetu walidharauliwa kwa udongo uo huo. Chungu chao hufika sokoni bila jina la aliyekifinyanga, na mnunuzi hukigonga kwa kidole, akasikiliza kama kina ufa, kabla hajataja bei.